Kompyuta Imesema Hope ni Mtoto Wako

Ploti ya Mzee Oloo,
Kianda, Kibera,
Nairobi.

Jumatatu, 9 Februari 2026

Wifi Nasike, kompyuta ya serikali imesema Hope ni mtoto wako. Si wangu. Ni wako wewe na Mwalimu Ishmael. Imeandika hivyo kwa herufi kubwa, na nimebisha kila mlango Nairobi hii, imekataa kubadilika.

Nisamehe kwa kukutupia habari kabla hata hujakaa. Barua hii nimeianza mara tatu kwa salamu nzuri, na kila mara mkono ulitaka kuandika hilo kwanza. Sasa limetoka. Wacha nikusalimie kama mtu aliyelelewa.

Mpendwa wifi, mulembe. Bwana Yesu asifiwe. Hujambo wewe na shemeji yangu Mwalimu? Mgongo wake ulipoa, au bado anafundisha akiwa amekaa? Mmeshaanza kulima shamba la mahindi huko Kimilili? Na lile jiko jipya uliloanza kujenga, liliisha, au fundi alikula pesa zako akapotea kama kawaida yao?

Sisi tupo. Kaka yako Wakoli bado ana karakana yake ya mbao pale Ayany, anatengeneza milango na vitanda vya watu wenye nyumba za mawe. Mimi bado niko na chai na maandazi, na si maandazi ya kubahatisha. Kuna walimu wanaopita vibanda vitatu kuja kwangu, na wenye vibanda hivyo wananiangalia kwa jicho baya hadi leo. Siwalaumu. Hata mimi ningekasirika.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako hainitambui tena. Nikipiga inalia weee, halafu inachoka. Najua ilianza lini na najua nani aliianzisha. Nitafika hapo. Barua utaletewa na Wanzala, fundi wa viatu tunayepakana naye ploti, anakuja huko kumzika mjomba wake. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si dukani, si kwa mtoto wa jirani. Mwandiko ni wangu, sikumwomba mtu. Nilimaliza la nane, na mpaka leo Lavender akikwama kwa neno la Kiswahili ananiuliza mimi.

Nimtaje Lavender basi, kwa sababu hili jambo liliingia nyumbani kupitia kwake. Yule mtoto uliyembeba mgongoni sasa ni mhudumu wa afya wa mtaa, wifi! Serikali imempa shati la buluu, begi la mashine ya presha na sukari, na simu kubwa ya kuandikia wagonjwa. Ana kaya mia moja na kumi za kutembelea. Akipita, wazee wanasimama. Wengine wanamwita daktari, na mimi siwasahihishi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kliniki na daftari la mtoto wa shule? Ukisahau daftari, huna ugonjwa. Likinyeshewa, umepona. Sasa hayo yameisha. Unaweka kidole, jina lako linakuja, na dawa ulizopewa mwaka juzi zinakuja. Hata daktari wa hospitali kubwa anaona kile Lavender ameandika huku kwetu matopeni. Nimesifu huo mpango kibandani kwangu hadi wateja wakaniuliza kama nimeandikwa kazi na wizara.

Mwezi wa kumi walipiga hema kwenye uwanja wa kanisa, watu waje kuandikishwa kwa bima mpya, familia nzima kwa mpigo. Nilifika wa kwanza nikiwa na leso yangu ya sherehe na ndoo ya maandazi ya wafanyakazi, bure. Kila aliyepita nilimwambia, "Huyo wa shati la buluu ni wangu. Nimemzaa mwenyewe."

Lavender akaniandikisha mimi, akamwandikisha baba yake. Akafika kwa Hope. Akaweka namba ya cheti cha kuzaliwa. Akakunja uso, akaweka tena.

"Mathe, hii inakataa."

"Inakataa nini? Weka polepole."

"Inasema Hope ashaandikishwa. Yuko kwa familia ya Ishmael. Mama yake ni Nasike."

"Huyo si senge yako, dada ya baba yako?"

"Si ndio nakuambia!"

Nikamwambia afute, aweke jina langu. Akanicheka. "Mathe, hii si ubao wa darasa. Mimi naandika tu. Kufuta sina ruhusa."

Rosebella anayeuza omena alikuwa nyuma yangu kwa foleni, na unajua mdomo wake. "Mama Lavender, kwani huyu mtoto uliokota?" Hema lote likacheka. Mimi pia nilicheka, wifi. Nilidhani ni kitu cha kwenda kurekebisha Jumatatu asubuhi, saa nne niwe nimerudi kwa chai yangu.

Wewe unajua ilivyokuwa, lakini wacha niiandike yote, kwa sababu nataka Mwalimu pia aisome, na yeye hajui.

Mwaka ule wa 2014 tulikuwa Kawangware, chumba kile cha mabati karibu na pale panapoitwa Kongo. Wakoli alikuwa anabeba mawe kwa mjengo, hakuna bima, hakuna chochote. Ulikuwa umekuja kunisaidia kujifungua. Presha ikapanda, mtoto akalala vibaya tumboni, na ile maternity ya ghorofa ya kijani ikasema bila kadi ya bima haiwezi kunipeleka chumba cha upasuaji. Wewe ulikuwa na kadi, ile uliyopewa kama mke wa mwalimu. Hukuniuliza hata. Ulifungua mkoba ukampa nesi kadi na kitambulisho chako.

Sisi hatukuona kosa, wifi. Hilo nataka Mwalimu alielewe. Kwetu kadi ilikuwa kama ile sufuria kubwa ya matanga. Iko kwa nyumba ya mtu mmoja, lakini mwenye msiba anaichukua, anapika, anasugua masizi, anarudisha. Nani aliwahi kuambiwa ameiba sufuria? Nesi aliangalia picha yako, akaniangalia mimi nilivyokuwa nimevimba, akasema mwanamke mwenye uchungu wa uzazi hafanani na mtu yeyote. Akaandika Nasike.

Siku nne niliitwa Nasike. Wewe ukakaa kando ya kitanda ukiitwa Kavetsa. Daktari akija asubuhi, "Nasike, umelalaje?" nawe unajisahau unajibu, "Vizuri, daktari!" Tulicheka mpaka mshono ukaniuma nikakusihi utoke nje. Wewe ndiye ulimshika Hope kwanza. Mimi nilikuwa bado nimelala kwa dawa.

Karatasi ya kuzaliwa ikatoka na jina lako na la Mwalimu. Cheti kikafuata karatasi. Tukasema tutarekebisha. Ukarudi Kimilili, Wakoli akapata kazi nyingine, tukahamia Kianda, na cheti kikakaa chini ya godoro. Shuleni nilikitoa, mwalimu mkuu akasoma, akaniuliza, nikasema ni mambo ya familia. Naye kwao kuna mambo ya familia, akapiga muhuri. Miaka kumi na moja haikusumbua mtu. Kumbe majina ya bima ya zamani yalikuwa yamelala mahali, na walipoyahamisha kwenda kwa hii mpya, Hope alihama na nyinyi kama kiti kilichosahauliwa ndani ya nyumba iliyouzwa.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikizunguka.

Hope alipokuwa wa miaka miwili ulikuja ukaniomba akae na wewe. Hukuniomba vibaya. Ulikuja na nguo zake na kuku, ukapiga magoti mlangoni, wewe ambaye ni mkubwa wangu. Ilikuwa mwaka wako wa tisa wa ndoa, na watu wa kwa Mwalimu walikuwa wameanza maneno yao. Kama ningekumbuka Mungu ananiangalia, ningekujibu kwa upole kwamba siwezi. Badala yake nilikuambia kwamba kadi yako haikununua mtoto. Nilisema mbele ya majirani. Uliinuka, ukapanguza magoti, ukaacha kuku.

Nimeishi na neno hilo miaka tisa. Sijawahi kulisema tena hata kwa Wakoli. Nisamehe, wifi. Siandiki hivi kwa sababu nina shida, ingawa shida ninayo na wewe utaona kama ni hiyo imenifundisha adabu. Labda ni hiyo. Lakini nisamehe hata hivyo.

Shida yenyewe ni moyo wa Hope.

Hope yuko gredi ya sita. Kwa ripoti mwalimu ameandika "amezidi matarajio" masomo saba yote, nimeibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, kila mteja wangu ameisoma, hata wasiojua kusoma nimewasomea. Somo la nane ni michezo. Hapo mwalimu ameandika kwamba mtoto anakaa kivulini.

Ilianza na koo. Kila baridi ikija koo linamuuma, nami nampa maji ya ndimu, linapita. Daktari ameniambia koo la namna hiyo likiachwa bila dawa huenda likashuka mpaka kwa moyo. Nilimwuliza angetakiwa kupewa dawa gani. Alinitajia. Inauzwa pale Kianda mkabala na kibanda changu, wifi. Ninaliona hilo duka la dawa nikikaanga.

Mwaka jana alianza kusimama mara mbili akipanda kutoka mtoni. Halafu mara nne. Halafu miguu ikavimba. Lavender ndiye alimpima, akaandika kwa simu yake, na siku hiyo hiyo tukaitwa hospitali kubwa. Ona vile mpango huu ni mzuri! Zamani ningezunguka na daftari mpaka mtoto aishe. Walimpaka mafuta kifuani wakaangalia moyo kwa kioo kama televisheni. Daktari, kijana wa miwani, akatuchorea nyuma ya karatasi. Akasema moyo una milango, na mmoja wa Hope haufungi, damu inarudi ilikotoka.

Hope akamwuliza, "Sasa si mtauondoa mtundike mwingine?"

Daktari akasema ndiyo, ndivyo hasa. "Nani amekuambia?"

"Baba ni fundi wa milango."

Daktari alicheka, akamgeukia Wakoli amsifie mtoto. Wakoli hakuwa kwa kiti. Alikuwa ametoka. Nilimkuta amesimama kwa ngazi akishika bawaba ya mlango wa hospitali, anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, mpaka askari akamwuliza kama anatafuta mtu.

Wamempa Hope siku, Jumanne tarehe ishirini na nne mwezi huu. Kuna kundi la madaktari wa moyo linakuja kusaidiana na wetu, na watoto wamepangwa kwa foleni. Akikosa nafasi hiyo, inayofuata ni Septemba. Nilimwuliza daktari kama Septemba si mbali. Alishika miwani yake akaanza kuipangusa. Na mimi sikurudia kuuliza.

Bima ya Mwalimu inalipa kila kitu, kwa sababu anakatwa kila mwezi bila kukosa na kompyuta inaona hivyo. Hope amefunikwa kuanzia kichwa hadi unyayo. Lakini kama mtoto wenu. Mimi nikiweka kidole changu, inaandika kwamba hakuna uhusiano. Nesi hata aliniwekea kidole kingine, akidhani ni mafuta ya maandazi.

Usidhani nimekaa tu. Nilienda ofisi ya vyeti mara tano. Kuna kijana pale, Kiragu, ana heshima, hata alinitafutia kiti. Nikamweleza yote. Akasoma kioo chake, akanisikitikia. "Mama, kwa hii kompyuta wewe ni mgeni wa huyu mtoto." Akasema nilete barua kutoka hospitali alikozaliwa, ikisema nani hasa alizaa siku hiyo. Au amri ya korti. Nikauliza korti inachukua muda gani. Akasema inategemea. Nikauliza inategemea nini. Akasema, "Inategemea korti, mama."

Basi nikaenda Kawangware. Nilitoka na Lavender asubuhi, amevaa lile shati ili watuheshimu. Ghorofa ya kijani bado iko, wifi, lakini maternity ilifungwa kitambo. Pale tulipokuwa tumelala ni duka la vifaa vya ujenzi. Mahali pa kitanda changu kuna mabati yamesimamishwa na rundo la misumari. Mwenye duka anaitwa Ojwang, mtu mkubwa mwenye roho safi, hajui mafaili yalienda wapi, anasikia yaliondolewa na pikapu. Nilipoanza kulia alichanganyikiwa kabisa, akaniletea soda.

"Mama, karatasi ninayo, muhuri ninao. Naweza kukuandikia ulizalia hapa. Lakini muhuri wangu unasema mabati, rangi na misumari."

Lavender alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la simiti. Mimi, ninakuambia ukweli, niliifikiria ile barua dakika nzima.

Lavender ndiye ananiuma zaidi baada ya Hope. Ameandikisha kaya mia moja na kumi. Ameandikisha hata yule mlevi wa darajani ambaye hajui alizaliwa mwaka gani, akamkadiria miaka, kompyuta ikakubali. Dada yake wa tumbo moja hawezi. Amepiga simu kwa wakubwa wake mpaka wameanza kumwambia asubiri barua pepe. Juzi alivua shati la buluu akalikunja, akasema, "Mathe, hii kitu naitangaza kwa watu kila siku."

Nimezoea kitu kikiharibika kuna mtu wa kumwendea. Chifu, karani, mzee wa kijiji. Unamkuta, unamsalimia, unalia kidogo, anakwambia rudi kesho, na kesho anarekebisha. Hapa kila niliyemwendea ni mtu mzuri na anataka kunisaidia. Wote wananionyesha kioo. Nani huyo anakaa nyuma ya kioo nimpelekee maandazi?

Wiki jana nilienda kwa Njambi, mama wa ustawi wa jamii pale hospitalini, wa nywele fupi nyeupe. Nikamwanzia hadithi toka mwanzo, kadi, nesi, Kawangware. Nilipofika kwa kitambulisho chako aliinua mkono.

"Mama, mimi masikio yangu yana shida leo. Sijasikia chochote. Nimesikia tu kwamba mama wa mtoto anaitwa Nasike na yuko Kimilili. Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mwambieni mama wa mtoto aje. Aje na kitambulisho na kidole chake, atie sahihi mtoto apasuliwe. Wewe utakaa kando ya kitanda kama anti. Mambo ya korti mtafanya mtoto akiwa anakimbia."

Hivyo ndivyo ilivyo, wifi. Nakuomba uje uwe mama yake Hope.

Na si wewe peke yako. Pale dirisha la bima hospitalini wanatuma namba kwa simu ya mwenye bima, na lazima asome zile namba papo hapo kabla hazijaisha nguvu. Simu hiyo ni ya Mwalimu. Kwa hiyo hakuna njia ya kumpita. Mtu ambaye tulitumia jina lake miaka kumi na moja bila kumwambia, moyo wa mtoto wangu uko ndani ya mfuko wake wa shati. Msomee barua hii yote. Mwambie wazo lilikuwa letu wawili lakini tumbo lilikuwa langu, kwa hivyo kosa ni langu. Akitaka kunitukana, aje anitukane uso kwa uso, nitamwandalia kiti na chai. Aje tu na simu ikiwa na chaji.

Sitakuficha kwamba ninaogopa. Ukiweka kidole chako pale na kutia sahihi, hakuna karatasi Kenya hii itakayosema Hope ni wangu. Baadaye ukiamua usije kortini, mimi nitaenda wapi? Kwa Kiragu anitafutie kiti? Nimewaza hivyo nikikanda unga, nikifua, nikiwa kanisani watu wakiimba. Kile ulichoniomba ukiwa umepiga magoti, nami nikakufukuza, kompyuta imekupa bila kukuuliza. Na mimi ndiye sasa niko magotini, ila hunioni tu.

Lakini nikiogopa hivyo namwangalia akipumua. Analala ameegemea mito mitatu, akiinama pumzi inamkwama. Basi na awe wako. Awe wako kwa karatasi, kwa kompyuta, kwa kila kitu serikali inacho, mradi aendelee kula ugali wangu na kubishana na dada yake.

Nimeshamweleza yeye mwenyewe. Nilidhani atalia. Aliuliza tu maswali yake, mengi, kama wakili. Wodini atamwita nani mama? Senge. Na mimi ataniita nani? Anti. Akisahau je, akiwa na dawa ya usingizi? Nikasema madaktari wamezoea watoto kuweweseka. Akafikiri. Akasema afadhali aanze mazoezi mapema. Jana aliniita, "Anti, naomba chai." Niliimimina, nikaweka sukari, nikampa. Wakoli akaweka kikombe chake chini akatoka nje tena. Anatoka sana siku hizi.

Salamu kwa shemeji Mwalimu, ukishamsomea. Salamu kwa mama mkwe wako na lile jicho lake, mwambie namwombea. Salamu kwa mama yetu Nekesa huko Webuye, mwambie kitanda cha Wakoli kiko tayari, atalala kwa mbao za mvule kama mbunge. Na salamu kwa watoto wote wa kwaya unaowafundisha, maana nasikia mna sauti kushinda sisi, jambo ambalo nitaamini nikisikia. Lavender anakusalimu. Hope anakusalimu, ameniambia niandike anauliza kama wodini atakupa mkono au atakukumbatia. Mungu wa mbinguni awatandikie njia, awape kiti cha dirishani, na akulainishie moyo wako kuliko ninavyostahili.

Dirisha la hospitali linafunguliwa Jumatatu tarehe ishirini na tatu saa mbili asubuhi. Kwa hiyo watu wote wanakuja siku moja kabla. Mama anatoka Webuye na basi la Jumamosi, watu wa kanisa watamwombea Hope baada ya ibada, Rosebella ameahidi samaki na kufunga mdomo wake. Nimepanga viti kumi na vinne, viwili ni vyenu, mbele, karibu na mtoto. Simu yangu sitaizima, lakini hata usiponipigia viti vitakaa hapo hapo. Tunawangoja Jumapili, tarehe ishirini na mbili Februari.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukukosea,
Kavetsa, Mama Lavender.